Nilivyomtangaza Mbunge Kura Zikiwa Bado Kwenye Bahasha

Mwaka ule tulipofungiwa ndani kwa ajili ya ugonjwa, nilinunua magunia matatu ya unga wa muhogo kwa sababu ya uchaguzi wa nchi nyingine. Mke wangu ananicheka mpaka leo, na ana haki. Lakini mtu akisikia nusu ya habari hii atadhani ni uzee tu, kwa hiyo afadhali niieleze yote.

Nchi yenyewe ni Kanada. Sisi tunakaa Sydney, hapa Merrylands, orofani, kwenye jengo la matofali mekundu karibu na reli. Kanada sijafika. Ninachojua ni kwamba kuna baridi, na kwamba sisi tukinywa chai ya asubuhi wao ndiyo kwanza wanakula chakula cha jioni cha jana. Jambo hilo la saa mke wangu alinieleza mara nyingi kwa vikombe viwili na chungwa, na bado nikimpigia mtu wa kule naanza na “samahani kama umelala.”

Kule yuko mtoto wa marehemu dada yangu. Dada alifariki kambini, Kigoma, baada ya sisi kuvuka ziwa kutoka Fizi, Kongo, na binti yake alikuwa na miaka saba. Kwetu mjomba haulizwi kama ana nafasi. Alilala na wanangu, akala na wanangu, akachapwa pamoja na wanangu siku walipouza sabuni ya mgao ili wanunue mandazi. Alikuwa na kichwa chepesi. Mimi niliacha shule darasa la tatu, yeye akiwa darasa la tatu alikuwa ananisomea karatasi za ofisi ya wakimbizi na kunionyesha wapi pa kuweka kidole. Alipomaliza sekondari akapata nafasi ya kusoma Kanada, akaenda. Sisi tulikuja Australia miaka mingi baadaye. Nilifanya kazi ghalani huko Villawood, kupanga makatoni, mpaka mgongo ukakataa.

Basi, mwaka huo wa ugonjwa serikali ya Kanada ikavunja bunge mapema. Muda wake ulikuwa bado, kama miaka miwili hivi, watu wamevaa barakoa, wengine wako hospitalini, wao wakaita uchaguzi. Hata wenyewe walinung'unika. Siku chache baadaye binti akanipigia.

“Mjomba, shikamoo.”

“Marahaba, mama. Mnaendeleaje na ugonjwa?”

“Tuko salama. Mjomba, chama kimeniomba nigombee.”

“Ugombee nini?”

“Ubunge.”

Nikakaa chini. Nilikuwa nimekaa tayari, lakini nilikaa tena.

Sasa lazima nieleze desturi moja, maana bila hiyo hamtaelewa kosa langu. Katika ukoo wetu habari kubwa ya mtoto hutangazwa na mjomba, yaani kaka wa mama. Mtoto akifaulu mtihani, akichumbiwa, akijifungua salama, mjomba ndiye anayesimama na kusema. Watu wanaweza kuwa wameshajua tangu juzi, lakini wanajifanya hawajui mpaka mjomba atamke. Baba mzazi akitangulia, wanamwona ana pupa. Zamani tulisemea uani, watu wameketi. Siku hizi uani kwetu ni kwenye simu, kundi moja la ukoo lenye watu wa Norwe, Arizona, Lubumbashi, Kigoma, Brisbane, na wengine hata sijui wameingiaje. Unabonyeza, unasema, sauti inakwenda kwa wote.

Binti alilijua hilo. Akasema, “Neno litakuwa lako, Mjomba. Ila usiliseme mpaka nikupe.”

“Nitasemaje kabla hujanipa?” nikamjibu. Nilisema hivyo kwa kinywa hiki hiki.

Turudi kwenye unga. Kule tulikotoka, siku ya kupiga kura haiogopeshi. Watu wanavaa vizuri, kina mama wanauza karanga. Inayoogopesha ni siku ya matokeo. Neno lenyewe “matokeo” likitajwa redioni, mtu mwenye akili ananunua unga, chumvi na makaa, anajaza maji kila chombo, anawaita watoto ndani, anafunga mlango. Kwa hiyo siku zilipokaribia, miguu yangu ikajipeleka yenyewe kwenye duka la Mwafrika pale Merrylands, nikiwa na barakoa yangu, nikarudi na gunia moja kwenye toroli. Kesho yake la pili. La tatu lilinishinda kwenye ngazi, nikaliburuta.

Mke wangu akasimama mlangoni mikono kiunoni.

“Wee mzee. Uchaguzi uko wapi?”

“Kanada.”

“Na unga umenunua wapi?”

“Hapa.”

“Kwa hiyo wakianza kupigana Kanada, watapita kwanza hapa Merrylands kuulizia ugali?”

“Mama, hujui dunia inavyokwenda.”

“Nijuavyo mimi, hata mlango wa choo sasa haufunguki vizuri.”

Ni kweli, gunia la tatu nililiweka pale. Na msinione mjinga sana. Mtaa wetu wakati huo ulikuwa umefungwa kuliko mitaa ya matajiri kule baharini. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya nyumba zetu mchana kutwa, na wanajeshi walipita na polisi wakigonga milango kuangalia kama watu wanajitenga na kama wana chakula. Hawakuwa na bunduki, walikuwa vijana wenye adabu. Lakini mtu wa Fizi akiona magwanda ya jeshi na akisikia helikopta wiki ya uchaguzi, tumbo halimuulizi ni uchaguzi wa nani. Walipogonga kwetu na kuuliza kama tuna chakula, mke wangu aliwafungulia mlango wazi kabisa ili waone magunia. Wakacheka, wakaandika kitu, wakaenda.

Chini yetu anakaa Mkenya mmoja, nesi wa hospitali. Kutembeleana kulikuwa kumekatazwa, basi tulikuwa tunaongea mimi nikiwa kibarazani juu, yeye chini akianika nguo zake za kazi kwenye kamba. Ni mtu wa maneno. Ananiita Mzee, lakini ananitania kama vile tumelingana.

Siku ya matokeo kwetu ilikuwa Jumanne, karibu saa sita mchana. Kule kwao bado Jumatatu usiku. Mume wa binti alikuwa ametuma anwani ya kufungua kwenye ile kompyuta bapa ya mke wangu. Picha ya binti ilikuwa hapo, amevaa koti la bluu, anatabasamu kama mama yake. Pembeni picha za wengine wanne. Kila baada ya muda namba zinabadilika, na aliye mbele anapanda juu.

Mwanzo alikuwa wa tatu. Nikazunguka meza. Akawa wa pili. Mke wangu akaacha kumenya viazi. Halafu, nikiwa nimekwenda dirishani kuangalia ile helikopta, nikasikia, “Mzee! Njoo!”

Alikuwa wa kwanza. Amemzidi mwenzake kura mia nne na kitu.

Hapo ndipo lazima niwarudishe nyuma tena, mnisamehe, ni mara ya mwisho. Nilipokuwa kijana, wakati wa chama kimoja, mwaka mmoja walichagua wabunge bila karatasi. Walituita kwenye uwanja wa mpira. Mkubwa mmoja akapanda juu ya meza na orodha, akasoma jina, sisi tukapiga makofi na vigelegele. Akasoma jingine, tukapiga tena. Alipomaliza orodha akashuka, na wale walikuwa wabunge. Kura ilikuwa ni ile sauti. Mimi nilipiga makofi kwa mtu nisiyemjua, na nilirudi nyumbani nikiwa nimechagua. Baadaye nikaishi miaka mingi nikiona hivyo hivyo hata palipokuwa na karatasi, kwamba anayetangazwa kwanza na kushangiliwa kwanza ndiye anayeingia bungeni. Anayesubiri hesabu anasubiri mpaka watoto wake wazeeke. Kichwani mwangu hilo lilikaa kama mtu anavyojua kwamba moto unaunguza.

Kwa hiyo nilipomwona binti juu, sikuwaza kwamba nasema mapema. Niliwaza kwamba nikichelewa, mwingine atatangazwa. Nilidhani namsaidia.

Nikavaa koti. Nikachukua simu. Mke wangu akasema, “Si alisema usubiri akupe?”

“Ana mambo mengi. Atanipa saa ngapi?”

Nikabonyeza, nikasema, “Ndugu zangu wote, wa upande wa baba na wa upande wa mama, mlio karibu na mlio mbali. Mimi mjomba nimesimama. Mtoto wa dada yangu ni mbunge wa Kanada. Nimesema.”

Jamani. Simu ilitetemeka mpaka ikaanguka kutoka mezani. Vigelegele kutoka Brisbane. Arizona wakaimba, nadhani walikuwa kwenye gari. Mzee wa Kigoma akaomba dua dakika nane, nikaisikiliza yote nimesimama na kofia mkononi. Binamu yangu wa Norwe, mkubwa wangu kwa miaka miwili, alipiga sufuria. Mimi nikatoka kibarazani kumpa habari nesi.

“Mwanangu, tumepata mbunge!”

Aliinua uso, ana vibanio mdomoni, akavitoa. “Congrats, Mzee! Wamemaliza kuhesabu?”

“Anaongoza mia nne.”

“Aa-a. Mzee, kuongoza si kumaliza. Sisi Wakenya tumeshaona mtu akilala mheshimiwa akaamka mwananchi. Kura ngapi zimebaki?”

“Zimebaki chache tu, za posta.”

“Za posta? Mwaka huu wa korona?” Akavirudisha vibanio mdomoni, akaanika soksi. Ule uanikaji wake sikuupenda.

Saa moja haikupita, binti akapiga.

“Mjomba.”

“Ndiyo, Mheshimiwa!”

Nikasikia nyuma yake watu wanaongea Kiingereza kwa sauti ya chini.

“Mjomba, nani amekwambia mimi ni mheshimiwa?”

“Nimeona mwenyewe. Uko juu.”

“Kuna kura za barua maelfu hazijafunguliwa. Wataanza kesho, labda mpaka keshokutwa. Mjomba, sauti yako imefika huku.”

“Imefikaje?”

“Binamu yako wa Norwe ameiweka kwenye ukurasa wangu, chini ya picha yangu, na ameifasiri kwa Kiingereza. Kwamba familia ya mgombea inatangaza ushindi.”

Nilitaka kusema kwamba amefasiri vizuri. Nikajizuia.

Akanieleza polepole, kama alivyokuwa akinisomea karatasi zamani. Kwamba mwezi mzima, akipita mlango kwa mlango na barakoa, alikuwa ameahidi watu kitu kimoja. Wazee na wagonjwa waliogopa kwenda vituoni, wakasema kura zao za barua zitasahauliwa. Yeye akawaambia, mimi sitasema nimeshinda wala nimeshindwa mpaka bahasha ya mwisho ifunguliwe. Ndiyo maana wengi wao wakamwamini, mtu mwenye jina wasiloweza kulitamka. Sasa upande wa pili wanaonyeshana ile sauti yangu na kusema, mnaona, hata hakusubiri kukuche.

“Nikishindwa, nitashindwa tu, Mjomba. Lakini wasiseme niliwadanganya. Nimeshaifuta kwenye ukurasa, ila wameshainakili. Nimewaambia ni mjomba wangu amekosea. Wananiuliza, mbona yeye mwenyewe hajasema amekosea? Naomba urudishe neno lako.”

Nikanyamaza. Ile aibu ya kumnyamazia mtoto uliyemlea naijua sasa. Mjomba hutamka mara moja. Sijawahi kuona mjomba akisimama kusema, lile nililosema silo. Nikamwambia, “Nitaangalia.” Akasema, “Asante, Mjomba,” kwa adabu kabisa, na adabu ile iliniuma kuliko angenigombeza.

Sikurudisha neno siku hiyo. Nasema ukweli. Nilijiambia kwamba wanataka kumwibia, kwamba kura zikichelewa zinakuwa zinapikwa, na kwamba nikirudi nyuma nitakuwa nimewasaidia wapishi. Mke wangu aliweka chakula mezani, hakuniita. Nilikula ugali umepoa.

“Unajua kilichoniuma?” akasema baadaye, akiwa ananikunjia shuka. “Si kwamba ulitangaza. Hata mimi nilipiga kigelegele. Kinachoniuma ni kwamba mtoto amekuomba na wewe unafikiria koti lako.”

“Koti gani?”

“Lile ulilovaa kutangaza.”

Asubuhi, Jumatano, namba zilikuwa zimeanza kusogea. Mia nne imekuwa mia mbili na sitini. Nikatoka kibarazani na nesi alikuwa ndiyo anarudi kutoka kazini, mstari wa barakoa bado umechora mashavu yake. Nilimwambia yote, maana kwa mtu aliye mbali mita nne chini ni rahisi kusema.

“Wanaziiba,” nikamalizia.

Hakucheka. Alikaa kwenye ngazi ya chini, akavua viatu.

“Mzee, nikuulize. Ungekuwa Kanada, wewe ungepigia kura wapi?”

“Kituoni, kama watu.”

“Na mgongo huo? Na hicho kifua? Na daktari amekwambia usisimame na watu? Ungepigia kwa barua, Mzee. Kura yako ingekuwa ndani ya bahasha saa hii. Na kuna mzee mwingine mahali fulani ameshavaa koti anatangaza mshindi bila wewe.”

Nilijishika mgongo.

“Wodini kwangu kuna mama wa miaka themanini na kitu,” akasema. “Kila siku ananiuliza tarehe, ili asipitwe na kitu. Hao ndio wapishi wako.”

“Umesema vibaya lakini umesema,” nikamwambia.

“Ni usingizi, Mzee. Nikilala nitakuwa na heshima.” Akaokota viatu vyake, akaingia ndani.

Nikarudi jikoni. Koti sikuvaa. Nilikaa karibu na mke wangu, nikabonyeza, na maneno yakanijia mabaya, yamekatikakatika, hata sasa nikiyasikiliza naona haya. Nilisema, “Ndugu zangu. Ni mjomba tena. Jana nilisema jambo ambalo silijui. Mtoto hakunituma. Aliniambia nisubiri na mimi sikusubiri. Hajashinda, hajashindwa, wanafungua bahasha za wagonjwa na za wazee. Nimekosea mimi, si yeye. Aliyepeleka sauti ya jana mahali, apeleke na hii, na aifasiri vile vile.”

Nikaweka simu chini. Kwa muda mrefu haikutetemeka. Brisbane kimya, Arizona kimya. Halafu binamu yangu wa Norwe akapiga moja kwa moja, si kwenye kundi.

“Wamekupa ngapi?”

“Nani?”

“Hao wa chama kingine. Mtu harudishi ushindi bure.”

“Kaka, niko Merrylands, sijatoka nje ya mtaa miezi mitatu. Nani atanipa na atanipa wapi?”

“Basi umelogwa.”

“Basi nimelogwa. Ifasiri.”

Alinguruma. Aliniita mwanamke, akaniita msaliti wa kumuuza ndugu, akanikumbusha ng'ombe wa mahari aliyetoroka chini ya ulinzi wangu kabla hatujawa wakimbizi. Nilimwachia aseme yote. Ni mkubwa wangu. Lakini saa mbili baadaye mume wa binti alinitumia picha ya ile fasiri, na mke wangu akanisomea. Binamu alikuwa ameiweka yote, neno kwa neno, hata mahali nilipokohoa aliandika kwamba mzee anakohoa.

Sijui kama iliwafikia wote waliosikia ya kwanza. Mume wa binti alisema wengine waliandika maneno mazuri, wengine wakaendelea na yao. Jambo baya lina miguu mirefu. Ila jioni hiyo binti aliandika ujumbe mfupi, “Nimesikia, Mjomba. Sasa naweza kuwatazama.” Nililala vizuri kuliko siku zile zote, na kumbukeni nilikuwa bado sijui kama ni mbunge au si mbunge.

Alhamisi asubuhi tulikuwa tunakunywa chai. Nchi nzima ya kule ilikuwa imeshapata majibu yake, na bunge limerudi karibu kama lilivyokuwa kabla ya kuvunjwa, watu wale wale, serikali ile ile. Redio ya hapa ilitaja kwa sekunde chache halafu wakahamia kwenye idadi ya wagonjwa wetu. Simu ikalia.

“Mjomba, shikamoo.”

“Marahaba, mama.”

“Wamemaliza. Nimekosa kwa kura sabini na moja.”

Mke wangu akaweka mkono kinywani. Mimi nilitafuta la kusema na nilichopata kilikuwa kile cha kizamani. “Sabini na moja si kitu. Wahesabu upya.”

“Wamehesabu mbele yangu, Mjomba. Nilikuwa pale. Nimeshampigia simu aliyeshinda nimempongeza.”

“Umempigia wewe?”

“Ndiyo.”

Kwetu mtu anayempigia simu mshindi anataka kumtukana au kumwomba njia ya kutorokea. Nilimuuliza, “Akasemaje?”

“Akasema asante. Akaniuliza kama watoto wamekula. Halafu akasema…” Sauti ikamkatika hapo. Alilia kidogo, si sana, kama mtu anayekohoa. Nilisikia analia na sikumkatiza. Miaka mingi sikuwa nimemsikia analia, tangu siku ile ya mama yake, na siku ile alikuwa analia mdomo wazi. Siku hii alijifunika.

“Uko wapi sasa?” nikamuuliza alipotulia.

“Kwenye gari. Tunaenda kung'oa mabango.”

“Mabango gani?”

“Yenye picha yangu. Yako kwenye bustani za watu, karibu mia tatu. Yaliwekwa na sisi, lazima tuyatoe sisi.”

“Usiku huu? Umeshindwa, na bado ukang'oe mwenyewe?”

“Hata aliyeshinda anang'oa yake, Mjomba. Na jua bado halijazama vizuri. Nikiona mtu yuko nje namshukuru, nachukua bango, naondoka.” Akapenga kamasi. “Mama mmoja mzee amekataa kutoa lake. Anasema alisikia mjomba wangu akiomba radhi, sasa anataka kulibakiza mpaka theluji.”

Mke wangu akacheka huku analia. Mimi nilikuwa nafikiria mabango mia tatu, kila moja lina uso wa dada yangu, na mtoto akiinama kuyang'oa moja moja na kuyalaza kwenye gari.

“Mjomba,” akasema, “sasa unaweza kusema.”

“Niseme nini?”

“Matokeo. Ni neno lako.”

Sikuwahi kusikia mjomba akisimama kutangaza kwamba mtoto amekosa. Hayo huachwa yajulikane yenyewe, kama maji yanavyopita chini ya mlango. Lakini alikuwa amenipa, na mara hii nilikuwa nimepewa kweli. Nilivaa koti. Mke wangu akaninyooshea kola. Nikabonyeza.

“Ndugu zangu wote, wa upande wa baba na wa upande wa mama. Mimi mjomba nimesimama. Bahasha zote zimefunguliwa. Mtoto wa dada yangu hakupata ubunge, amekosa kwa kura sabini na moja, na amempongeza aliyepata. Saa hii yuko barabarani na mume wake wanakusanya mabango. Yako karibu mia tatu. Mtu asimpigie mpaka amalize. Nimesema.”